Pembe Niliyoikataa Langoni

Ijumaa asubuhi rafiki yangu aliteremka kutoka Kiriri, mtaa wa wenye nazo juu ya mji, na diski ndogo ameiviringisha ndani ya soksi ya sufu ili isigongwe njiani. Kwao mtandao unakimbia. Kwetu Carama ningeipakua nyongeza ile ya mchezo wangu mpaka mvi ziniote. Alinikabidhi soksi mlangoni, akakataa kuingia kwa sababu aliyempa lifti alikuwa anamsubiri, na siku hizi hakuna anayeacha gari likinguruma huku mafuta yakiwa ya kutafutwa kwa tochi.

"Usinipigie simu kuniuliza kama uanze leo ama kesho," aliniambia. "Anza."

Ananijua. Mimi ni mtu wa kusoma karatasi ya dawa ya kikohozi kutoka juu hadi chini, nikifika kwenye madhara nikairudisha dawa kabatini na kuendelea kukohoa.

Mchezo wenyewe nilikuwa nao tangu nilipoanza chuo. Ni mmoja wa ile michezo ya kompyuta ambayo unapewa nchi nzima ya kubuni, yenye milima na misitu na wachawi na wanyama wasiokuwepo, halafu hakuna anayekuambia uende wapi. Unaumba mtu wako, unamvalisha, unamfundisha kupigana au kutibu au kuiba, na kadiri unavyocheza ndivyo anavyokomaa. Wangu ni mwanamke mwenye mkuki, mabega mapana, si mwongeaji. Nilimlea miaka yote niliyosomea kilimo. Nilipomaliza chuo, naye alikuwa amemaliza ya kwake: kila pango la nchi ile ameshaliingia, kila jitu limeshapigwa. Alibaki amesimama juu ya daraja la mawe, upepo unampeperusha nywele, hana pa kwenda. Na mimi nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu na diploma, vivyo hivyo.

Nyongeza ilileta nchi ya pili. Ilikuwa nyuma ya milima ya magharibi, milima ambayo zamani ilikuwa picha tu, huwezi kuifikia. Sasa ilikuwa na njia, na mwisho wa njia kulikuwa na lango.

Siku hiyohiyo, kabla rafiki yangu hajaja, nilikuwa nimepigiwa simu. Mama mmoja wa shirika dogo la mbegu huko Ngozi, kwenye vilima vya kaskazini, aliniambia wamenichukua. Kazi ni kuzunguka vilimani, kukaa na wakulima, kuwaonyesha namna ya kuchagua na kutunza mbegu za maharage. Alitaka jibu Jumatatu asubuhi. Ningeweza kusema ndiyo palepale. Nilisema nitafikiria, neno ambalo mtu kama mimi hapaswi kuruhusiwa kulitumia.

Kwa hiyo nilifikiria. Nilifikiria Kirundi changu, ambacho nimekikulia mtaani na shuleni lakini nyumbani kwetu ni Kiswahili tu, na lafudhi haifichiki. Huku mjini hakuna anayejali. Huko juu, mtu akisema fulani ni Mswahili, hazungumzii lugha peke yake. Anamaanisha mjanja, mwenye maneno mengi, wa kuchungwa. Nilijiona nimesimama mbele ya wazee waliopanda maharage kabla sijazaliwa, nafungua mdomo, wanatazamana. Nilifikiria baridi. Nilifikiria chumba nisichokijua, ufunguo nisioujua. Nilimfikiria mama, ambaye wakati huo alikuwa na mguu kwenye plasta.

Nilipochoka kufikiria nilifanya jambo nililolizoea tangu utotoni, ambalo najua halifai: nilimwekea Mungu sharti. Mtu wangu akiingia nchi mpya kabla ya Jumatatu, nitasema ndiyo. Akishindwa kuingia, nitasema hapana, na sitajilaumu. Nilichagua sharti rahisi makusudi. Nyongeza hizi zinatengenezwa ili watu waingie; hakuna anayejenga nchi halafu akawafungia wageni nje.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli. Yeye ni mtu wa Uvira, upande wa Kongo, na kwa miaka mingi ameuza vitenge, anavivusha mpakani Gatumba na kuvipeleka kwa wateja wake mjini. Wiki chache nyuma aliteleza kwenye tope karibu na mpaka, robota la vitenge liko mgongoni, kifundo cha mguu kikavunjika. Robota halikuguswa na tope. Hilo alilisimulia kabla ya kueleza habari za mguu. Tangu hapo alikuwa sebuleni kutwa nzima, na kwa kuwa soketi nzuri pekee ya nyumba yetu iko sebuleni, alianza kuutazama mchezo wangu kwa lazima, baadaye kwa hiari. Maandishi yake ni ya Kifaransa na yanapita haraka, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria kwa sauti.

"Uyu mwanamuke ataolewa lini?" aliuliza siku ya kwanza.

"Haolewi, mama. Anapigana na majitu."

"Sawa. Lakini anaweza kufanya vyote viwili."

Basi Ijumaa mchana, umeme upo, nyongeza imeingia, tulianza safari. Mtu wangu alipanda njia ya mlimani kwenye ukungu. Tulifika kwenye nyumba ya mawe iliyojengwa ubavuni mwa lango, moto unawaka ndani. Mlinzi wa lango alikuwa bibi mmoja mwenye alama za rangi ya samawati kwenye paji la uso. Alisema maneno marefu ya kukaribisha, nikamtafsiria mama. Kisha bibi akapotea nyuma ya pazia, akarudi na pembe ya ng'ombe iliyojaa kinywaji, akainyoosha mbele yetu.

Chini ya skrini yalitokea machaguo matatu: kunywa, kukataa kwa heshima, kummwagia usoni.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya la kwanza.

"Ngoja," mama alisema. "Ameitoa wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"We uliona akimimina?"

"Sikuona."

"Ameonja?"

"Hajaonja, mama."

"Basi?"

Nilitoa kidole. Hapa kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa. Chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, mgeni akisikia mlio wa kizibo kwa masikio yake. Kinachotoka kwenye chungu, mwenyeji hugusa kwanza kwa midomo yake ndipo akupe. Ni adabu, na chini ya adabu kuna tahadhari ya zamani ambayo hakuna anayeitaja mezani. Kwenye sherehe ya kuhitimu kwangu kijana mmoja wa kuhudumia alileta kreti ambayo chupa zake zilikwisha kufunguliwa jikoni, kwa nia njema, ili kazi iende haraka. Shangazi na mama wakubwa walitabasamu wote kwa pamoja, na kreti ikarudi jikoni bila kuguswa. Hakuna aliyekasirika. Zilikuja nyingine zenye vizibo.

Nilibonyeza kukataa kwa heshima. Nitasema kweli, nilijisikia mtu mzima, mwenye malezi.

Bibi alinitazama. Aliigeuza pembe taratibu, kinywaji chote kikamwagika kwenye makaa, moshi ukajaa chumba. "Basi huna njia kwetu," alisema. Lango likashuka kwa kishindo kilichotikisa spika. Pembeni mwa skrini kile kiduara kidogo kinachoonyesha kwamba mchezo unajihifadhi kikazunguka, kikatoweka.

Nilijua mara moja maana ya kiduara kile. Wachezaji wengi huhifadhi mchezo mahali pengi, wakikosea wanarudi nyuma. Mimi nilipoanza nilichagua ile hali ngumu, ambayo mtu wako ana hifadhi moja tu, na kila uamuzi unafuta uliotangulia. Nilijichagulia kama dawa, kwa sababu kwenye hali ya kawaida nilikuwa narudia mazungumzo na muuza mikate mpaka niridhike na nilivyomjibu.

"Fungua tena," alisema mama.

"Haifunguki."

"Piga hodi."

Nilimsogeza mtu wangu langoni, nikabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Yalitokea maneno yaleyale: lango limefungwa kwako. Nikamrudia bibi. Alikuwa amenipa mgongo.

"Mais lakini uyu mama ni mukali!" mama alisema. "Mutu anakataa kidogo tu, tena kwa heshima! Angeuliza. Angesema, ah, samahani, ngoja nionje."

Nilimwandikia rafiki yangu. Alinijibu kwa sauti iliyorekodiwa, na nusu ya ujumbe ilikuwa kicheko.

"Masheri wangu, nimetafuta kila mahali kwenye mtandao. Dunia nzima imekunywa! Hakuna mutu hata moja aliyekataa. Ni pombe ya asali tu, inakuongezea na nguvu. We peke yako, na mama yako, ndiyo mumeogopa kulogwa na kompyuta." Alipumua. "Bon, sawa, usilie. Nitakutumia hifadhi yangu. Mutu wangu ameshaingia, utaendelea na yeye."

Mtu wake ni mwanamume mwenye mapanga mawili na kofia ya manyoya. Nilikaa na wazo hilo jioni nzima. Lilikuwa na faida zote. Nchi mpya ni ileile, nani angejua? Lakini sharti lilisema mtu wangu. Na mbali na sharti, sikutaka kuingia mahali kwa jina la mtu mwingine aliyekunywa kwa niaba yangu. Nilimshukuru, nikamwambia hapana. Akanitumia picha ya mbuzi anayegoma kuvutwa.

Jumamosi tuliamka umeme haupo. Asubuhi, kama kila Jumamosi, maduka yalifungwa na mtaa mzima ulitoka kwa kazi za pamoja. Sisi wa mtaa wetu tulipangiwa mtaro. Nilizoa matope kwa jembe bovu na kichwa changu kiliendelea na kazi yake ya kawaida: je, ningebonyeza la kwanza? Je, ni ishara? Je, kama Mungu ndiye aliyemfanya mama aseme ngoja, jibu limeshatolewa na mimi ndiye nisiyesikia? Mpaka tulipomaliza mtaro nilikuwa nimeshaikataa Ngozi mara kadhaa na kuikubali tena.

Nilirudi nyumbani na miguu ya tope. Mama alinitazama ninavyonawa.

"Unakuwa hivyo kwa sababu ya ile lango?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini, labda uchovu. Nilimwambia sharti lote, Mungu na Ngozi na mtu wangu.

Aliigeuzia macho kompyuta iliyozimika.

"We mutoto," alisema. "Umesoma miaka yote ile, halafu kazi yako umeiweka mikononi mwa ile kitu?"

"Najua, mama."

"Apana, hujui. Kama ungejua hungeniambia mi nikiwa na muguu mubovu, siwezi hata kukufukuza." Alisogeza plasta kwenye stuli. "Na tena mi ndiye nilikuambia usikunywe."

"Ningekataa tu hata ungenyamaza."

"Mi najua. Nimekulea." Akafikiri kidogo. "Basi, ingia."

"Lango limefungwa."

"Si umeshasema kwa Mungu? Hiyo haichezewi. Ingia."

Kuanzia hapo jambo lilikuwa letu wawili. Wazo la kwanza lilikuwa la kwake, na lilikuwa la adabu pia. Ukimkosea mtu kwenye kinywaji, humrudii mikono mitupu na maneno. Unampelekea kinywaji chako, unaonja wewe kwanza, unamkabidhi. Umeme uliporudi mchana nilimshusha mtu wangu hadi nchi ya zamani. Tulitafuta asali kwenye mizinga ya msituni, tukafukuzwa na nyuki, tukapika pombe kwenye jungu la nyumba ya wageni. Tuliibeba tukapanda nayo mlima wote. Mbele ya bibi, nilimnywesha mtu wangu kwanza. Alipepesuka, skrini ikafifia kwa ulevi.

"Sasa mupe," mama alisema, ameinama mbele kwenye kiti.

Nilitafuta namna ya kumpa. Hapakuwa na kitufe cha kutoa. Waliotengeneza mchezo walikuwa wamefikiria nafasi ya kummwagia bibi usoni, lakini si ya kumwomba radhi. Nilichoweza ni kuiweka chupa chini, miguuni pake. Niliiweka. Tukasubiri. Bibi aligeuka kwenda kuchochea moto, akaikanyaga chupa, ikabingirika mpaka ukutani.

"Amepita juu ya pombe!" Mama alipiga kiganja kwenye mkono wa kiti. "Juu yake! Mwanangu, uyu si mutu wa kuombwa radhi. Achana na yeye."

"Niachane naye vipi?"

"Sijui. Lakini mi simuongelei tena."

Jumapili nilikwenda ibada ya kwanza na sikumwomba Mungu abadilishe sharti, maana nilihisi ningekuwa natapatapa. Nilirudi, nikamtengenezea mama chai, nikawasha kompyuta. Betri yake ilikuwa imeshachoka miaka mingi. Umeme ukikatika ilikuwa inadumu muda mfupi tu. Nilipunguza mwanga wa skrini, nikafunga kila kitu kisichohitajika.

Sikwenda langoni. Nilimpeleka mtu wangu pembeni, mahali njia inapoisha na jabali linapoanza, nikamwelekeza juu.

Milima ile haikutengenezwa ipandwe. Mtu wako ana mstari wa pumzi unaopungua kila anaposhika jiwe, ukiisha, anaachia. Mawe mengi yana mteremko ambao miguu haikai. Alianguka mara ya kwanza kabla hatujaliacha paa la nyumba ya bibi chini yetu. Kuanguka hakukumuua kabisa. Aliamka kwenye moto wa kambi ya chini na safari ikaanza upya. Akaanguka tena. Tena.

Hapo ndipo ile tabia yangu ya kupindua kila jambo pande zote ilipopata kazi ya mikono. Mtu mwingine angerukaruka na kubahatisha. Mimi nilikagua jiwe moja moja. Niligundua kwamba mawe yenye rangi ya kutu yanashikika na yale meusi yanateleza. Niligundua kwamba akigeuza bega kwenye jabali na kusimama kimya, pumzi inarudi, hata pale ambapo macho yanasema hakuna nafasi ya kusimama. Niligundua kwamba mvua ikinyesha ni afadhali kungoja. Kila alipoanguka nilikuwa najua jiwe moja zaidi. Sikukasirika. Hilo lilinishangaza, kwa sababu mimi hukasirika mpaka na uzi usioingia kwenye tundu la sindano.

Mama alisinzia, akaamka.

"Bado?"

"Bado."

"Endelea." Akasinzia tena.

Saa za mchana, mtu wangu amebanwa kwenye ufa katikati ya jabali, nilijikuta nikiwaza wazo ambalo halikuja kwa kelele. Kama nilikuwa naogopa Ngozi kiasi nilichojiambia, basi nilikuwa nimepewa hapana iliyo safi kabisa tangu Ijumaa. Lango limefungwa, sharti limeshindwa, simu moja ya adabu na mambo yamekwisha. Ningeifunga kompyuta na kupumzika. Badala yake nilikuwa na mkono uliokufa ganzi, nimeinamia skrini yenye giza, namtafutia mwanamke wa mkuki pa kuweka mguu. Wazo hilo sikulipindua. Nilimsogeza mtu wangu kwenye jiwe la kutu lililofuata.

Umeme ulikatika karibu na kilele. Mngurumo wa friji ya jirani ulizimika, redio ya mtaa wa pili ikanyamaza, na alama ya betri yangu ikawa nyekundu.

"Mama."

"Niko."

"Imekatika."

"Basi wacha kuongea."

Palibaki ukuta mmoja, mrefu kuliko pumzi yake. Nilikuwa nimeutazama muda mrefu na nilijua una jiwe moja tu la kupumzikia, limejificha chini ya kichaka, na kwamba ili kulifikia lazima aruke kando bila kuliona. Nilimrusha. Alishika. Alisimama pale akihema huku mimi nami nimeshikilia pumzi, halafu akapanda, na mkono wake ukashika majani.

Nchi mpya ilikuwa chini yake yote: bonde la manjano, mto umekunjamana katikati, nyumba za nyasi, moshi. Mama alijiinua kwenye mikono ya kiti ili aone vizuri.

"Iko nzuri," alisema. "Teremuka, teremuka kabla haijazima."

Niliteremka naye mbio. Tulifika kijiji cha kwanza. Nilimsogelea mwanamke aliyekuwa anatwanga, nikabonyeza kuzungumza. Mwanamke aligeuza uso. Paji lake lilikuwa na alama ya samawati. Nikaenda kwa muuza viungo. Akafunika vikapu vyake kwa kitambaa. Mfua vyuma, mwimbaji, mchunga ng'ombe, wote walikuwa na alama ile, ambayo bila shaka mtu hupewa akishakunywa, na wote walisema jambo moja au hawakusema kitu: hatukujui. Hakuna aliyempa kazi, chakula wala kitanda. Nchi nzima iliyonifanya nikakesha kwa hamu, na mtu wangu anapita katikati yake kama upepo.

Nilijisikia kulia. Mama alinyoosha kidole kwenye skrini.

"Sasa amekuwa mukimbizi," alisema.

Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashika mguu kwa maumivu.

"Mama, si kitu cha kucheka."

"Nacheka kwa sababu namujua. Mi nilipovuka kuja huku nilikuwa hivyo. Nimefika mutaani na kitenge kimoja na dada yako mugongoni. Nasalimia, mutu anaangalia ukuta. Wanasema, aaah, Wakongomani hawa, watatuletea maneno."

"Ukafanya nini?"

"Nini? Kesho yake nikasalimia tena."

"Wakajibu?"

"Apana."

"Sasa?"

"Kesho kutwa nikasalimia. Mupaka wakachoka, mwanangu. Kuna moja alinijibu salamu kwa Kirundi, kwa hasira kabisa. 'Mwaramutse, basi!' Nikasema, asante." Alifuta machozi ya kicheko. "Uyu ndiye alikuja kuwa mama yako wa ubatizo."

Sikujua hilo. Nilimjua mama yangu wa ubatizo kama mtu aliyezaliwa akiwa rafiki ya mama.

Mchezo una kitufe cha salamu; mtu wako anaweka mkono kifuani na kuinama kidogo. Hakuna anayekitumia, maana hakikupi chochote. Nilimsimamisha mbele ya yule mwanamke wa kinu nikakibonyeza. Mwanamke aliendelea kutwanga. Nikaenda kwa muuza viungo. Nikaenda kwa mfua vyuma. Hakuna aliyejibu, na sikutegemea. Najua mchezo ni mchezo, na wanachosema kimeshaandikwa. Tuliendelea tu, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka skrini ikawa nyeusi.

Sebule ilikuwa na mwanga wa jioni. Kichwa changu, kwa uaminifu wake, kilianza papo hapo: je, huku ni kuingia? Sharti lilisema aingie nchi mpya. Je, mtu ambaye hakukubaliwa ameingia? Je, kupita juu ya mlima ni sawa na kupita langoni?

"Mama, unafikiri hiyo inahesabika?"

"Iko ndani ama iko inje?"

"Iko ndani."

"Bon. Niletee chai."

Nilimletea. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaacha kulihitaji jibu lake. Kama mtu wangu angebaki amenasa kwenye ule ufa, ningeipiga simu ileile Jumatatu, na kusema neno lilelile, kisha ningerudi kwenye jabali.

Asubuhi nilipiga mapema. Niliongea Kirundi. Yule mama wa Ngozi alinisikiliza, kisha akauliza, kwa sauti yenye tabasamu nisiloweza kulipima, kama mimi ni Mswahili.

"Ndiyo," nilimjibu. "Nyumbani tunaongea Kiswahili."

"Wazee wa vilimani watakucheka kwanza."

"Watacheka siku ngapi?"

Akacheka yeye. Alisema inategemea mlima. Akauliza kama naweza kuendesha pikipiki. Nikasema siwezi, na kwamba naanza kujifunza mchana huo. Jirani yetu anayo, ingawa wakati nayasema hayo jirani mwenyewe alikuwa hajui.

"Muulize kama kuna nyumba!" mama alipiga kelele kutoka sebuleni. "Na kama kuna maji!"

Kulikuwa na chumba. Maji yalikuwa bondeni. Maswali mengine yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno yangu, mengi, kila moja na mtoto wake, na niliyaacha yasimame hapo. Nilimwambia nitafika Jumatano.